Amana ya Mpiga Picha



Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa uchache, nasi twaishi nalo kila saa. Jambo hilo ni picha za khabari. Twataka kujua ni lini picha huwa ushahidi wa haki, na ni lini huwa dhulma juu ya mtu asiyeweza kujitetea. Kadhalika twataka kujua uhuru wa kusema na kuonyesha wafika wapi, na ni nani aliye na haki ya kuuwekea mpaka.

Huenda mtu akauliza: Sisi watu wa Matayos tuna nini na mambo ya magazeti ya Nairobi na New York? Jawabu yake iko barabarani. Shehena inayotoka Mombasa kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake hupita katika jimbo letu la Busia, ama kwa njia ya Malaba, ama kwa njia ya Kisumu na Busia mjini. Malori ya petroli hupita karibu na milango yetu usiku na mchana. Mwezi wa Julai 2021, huko Malanga katika Siaya, juu ya barabara hii hii ya Kisumu na Busia, lori la petroli liligongana na lori la maziwa. Watu wakatoka na madumu kwenda kuteka mafuta, moto ukalipuka, wakafa watu 13. Kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan juu ya njia ya Nakuru na Eldoret, walikufa watu zaidi ya 100 kwa sababu iliyo mfano wa hiyo.

Zamani msiba kama huo ulipotokea, mpiga picha alifika baada ya saa nyingi. Picha yake ilipita mikononi mwa mhariri, naye mhariri akaamua iandikwe ama iwekwe kabatini. Leo kijana yeyote mwenye simu mfukoni ni mpiga picha, na mhariri, na mwenye mtambo wa kupigia chapa, yote hayo kwa dakika moja. Uwezo uliokuwa wa watu wachache umekuwa wa watu wote, lakini mafunzo waliyopewa wale wachache hayakuwafikia watu wote. Hii ndiyo sababu ya somo hili.

I. PICHA YASEMA NINI, NA YANYAMAZIA NINI

Watu husema kwamba picha haisemi uongo. Neno hili si sahihi kwa ukamilifu wake. Picha hushika nukta moja ya wakati na pembe moja ya mahali. Kilichotokea kabla yake haikioneshi, wala kitakachotokea baadaye, wala kilichosimama nyuma ya mgongo wa mpiga picha. Basi yaweza kuwa kweli katika kila alama yake, na bado ikampoteza mwenye kuitazama.

Tazama mfano wa Marehemu Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1943. Katika Oktoba 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walipeleka ulimwenguni picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa huko Korem, Ethiopia. Picha zile ziliwaamsha watu waliokuwa wamelala, na misaada mikubwa ikatoka Ulaya na Marekani. Lau kamera ile isingefika, wangalikufa watu wengi zaidi bila ya kujulikana. Hapana mwenye insafu awezaye kuikana fadhila hiyo. Pamoja na hayo, picha zile zilionesha ukame na mifupa ya watoto, lakini hazikuweza kuonesha vita vilivyokuwa vikipiganwa kaskazini ya nchi ile, wala siasa za serikali ya wakati ule, na hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za njaa. Mtazamaji aliona huruma, lakini hakuona sababu. Hapa twajifunza kwamba picha yahitaji maneno ya kweli kando yake, na kwamba mwenye kuandika maneno hayo ana amana sawa na mwenye kuipiga.

II. UHURU HUU NI WA NANI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu, katika kifungu cha 33, uhuru wa kutafuta khabari, kuzipokea na kuzitoa. Kifungu cha 34 chalinda uhuru wa magazeti na redio na televisheni. Uhuru huu haukuteremka wenyewe. Vizazi vilivyotutangulia viliishi bila ya kuwa nao, na yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa.

Dedan Kimathi aliposhikwa tarehe 21 Oktoba 1956, alipigwa picha akiwa amelala chini, ana jeraha, na mikono yake imefungwa pingu. Picha ile ilienezwa ili watu wamwone kiongozi wao ameshindwa. Mpigwa picha hakuulizwa, wala hakupewa nafasi ya kusema neno. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa. Kwa watawala wa siku zile kamera ilikuwa silaha miongoni mwa silaha zao. Lakini ajabu ya picha ni kuwa haimtii aliyeipiga milele: picha ile ile iliyokusudiwa kumdhalilisha, baada ya uhuru watu waliitazama kwa heshima, wakamwona shujaa.

Baada ya uhuru pia watawala hawakuacha kuiogopa kamera. Mohamed Amin huyo tuliyemtaja alitiwa kifungoni Unguja mwaka 1966 kwa muda wa wiki karibu nne kwa sababu ya kazi yake. Na katika siku zetu, tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana katika miji ya Kenya, Halmashauri ya Mawasiliano iliamuru televisheni na redio zisioneshe maandamano yale moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya televisheni ikazimwa. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Na wiki moja kabla yake, tarehe 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na askari katika njia ya Nairobi mchana kweupe, na baada ya siku kadhaa akafa. Kamera zilikuwapo. Lau hazikuwapo, ingalikuwa ni neno la maskini mmoja juu ya neno la mwenye bunduki, nasi twajua neno la nani huaminiwa. Kwa kuwa tukio lilionekana na kila mtu, askari wawili walikamatwa. Ole wa jamii isiyokuwa na jicho la kuwatazama wenye nguvu!

Basi mtu asije akasema kwamba somo hili lataka kuwaziba watu midomo na kuwafunga macho. Pale mwenye madaraka anapodhulumu, kumwonesha ni wajibu, na kumficha ni kushirikiana naye.

III. MPAKA WA UHURU

Lakini Katiba hiyo hiyo haikuuacha uhuru bila ya mpaka. Kifungu cha 33 chasema kuwa uhuru huu hauingii katika kuchochea fujo wala katika matamshi ya chuki, na kwamba mwenye kuutumia ni lazima aheshimu haki za wengine na sifa zao. Kifungu cha 28 chalinda utu wa kila mtu, na kifungu cha 31 chalinda faragha yake. Kanuni za waandishi zilizofungamana na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Khabari ya mwaka 2013 zawataka waandishi wajihadhari na picha ziwezazo kuwadhuru wanaoonekana ndani yake, wasiingilie watu walio katika huzuni na mshtuko, wawalinde watoto, na wasigeuze picha kwa namna ya kuharibu ukweli wake.

Wala jambo hili si la waandishi peke yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamhusu kila anayekusanya na kueneza mambo ya watu. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi wao, na baraza moja la starehe likatozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja ambaye hakuridhia. Fikiri, ndugu msomaji, ni picha ngapi za watoto wa watu zimo katika simu yako, na umezipeleka wapi.

IV. KISA CHA DUSIT

Tarehe 15 Januari 2019 wauaji waliishambulia nyumba ya DusitD2 huko Nairobi, wakaua watu 21 wasiokuwa na hatia. Siku hiyo hiyo gazeti la New York Times likatoa picha ya maiti waliokuwa wameinama juu ya meza zao, kama walivyokuwa wamekaa kabla ya mauti kuwafikia. Wakenya wakakasirika mno. Walisema: Jamaa za watu hawa hawajui bado kama watu wao wako hai, nanyi mwawaonesha dunia nzima? Je, lau msiba huu ungalikuwa katika mji wenu, mngaliwaonesha watu wenu hivi? Baraza la Vyombo vya Khabari likalitaka gazeti lile liiondoe picha. Wahariri wake hawakuiondoa. Walijitetea kwamba ni wajibu wao kuonesha ukatili wa mashambulio kama haya, na kwamba hujaribu kutumia kipimo kimoja kwa watu wote.

Tusiwahukumu kwa pupa, bali tuzipime hoja zote mbili. Hoja ya wahariri ina uzito: ukatili usioonekana husahauliwa upesi, na msomaji aliye mbali huona hesabu ya wafu kama hesabu ya magunia. Lakini hoja ya Wakenya ina uzito zaidi katika kisa hiki, kwa sababu tatu. Kwanza, khabari ya kuuawa kwa watu ilikuwa imekwisha kujulikana bila ya picha ile, wala hapakuwa na mtu aliyeikanusha. Pili, waliooneshwa hawakuwa wauaji bali ni waliouawa. Aibu ilimwangukia aliyedhulumiwa, na aliyedhulumu hakuguswa nayo. Tatu, saa zilikuwa bado chache, na mzazi au mke angeweza kumtambua mtu wake kwa nguo alizovaa asubuhi.

Na kwamba iko njia nyingine, tumeiona katika msiba wa Westgate wa tarehe 21 Septemba 2013, ambapo walikufa watu wasiopungua 67. Tyler Hicks, mpiga picha wa gazeti lile lile, alimpiga picha mwanamke aliyelala sakafuni akiwafunika watoto kwa mwili wake. Mwaka uliofuata Hicks alipata tunzo ya Pulitzer kwa picha zake za Westgate. Hofu ya siku ile yote imo katika picha ile, na hadhi ya yule mama haikuguswa. Kwa hivyo si kweli kwamba mwenye kutaka kuonesha ukatili hana budi kuwavua watu sitara zao.

V. KISA CHA AYOD

Mwezi wa Machi 1993 mpiga picha wa Afrika ya Kusini, Kevin Carter, alikuwa Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Alimwona mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama chini, na nyuma yake ametua tai. Akapiga picha, kisha akamfukuza tai. Picha ilipotoka katika gazeti, watu wengi waliandika kuuliza: Mtoto yule alikuwaje? Gazeti halikuweza kuwapa jawabu kamili. Mwaka 1994 Carter alipewa tunzo ya Pulitzer kwa picha ile, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akajiua.

Wengi husimulia kisa hiki ili kumlaumu Carter. Sisi twakisoma kwa kusudi jingine. Wapiga picha waliokwenda huko walikuwa wameambiwa wasiwaguse watu kwa kukhofia maradhi, na picha yake iliwafanya watu wa mbali waijue njaa ya Sudan. Lakini swali la wasomaji wale lilikuwa swali la haki, nalo labaki hata leo kwa kila mwenye kamera: Umemwona, kisha ukafanya nini? Mwenye kamera hakuvuliwa ubinadamu kwa sababu ya kamera. Pale ambapo mkono wake waweza kuokoa na hapana mwingine aliye karibu, mkono watangulia na picha yafuata. Na pale ambapo waokozi wapo nao wafanya kazi yao, asimame kando asiwazuilie njia, naye afanye kazi yake.

VI. MFANO WA HAPA KWETU

Katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva wa malori walipimwa hapa mpakani kabla ya kuruhusiwa kupita. Malori yakapangana foleni ya makilomita mengi katika njia za Malaba na Busia, na madereva wakakaa siku kadhaa wakilala chini ya magari yao. Picha za foleni ile zilikuwa na manufaa makubwa: ziliwaonesha wakubwa wa Kenya na Uganda taabu ya watu wale na hasara ya biashara. Lakini wakati ule ule madereva walitazamwa kama kwamba wao ndio maradhi yenyewe. Sasa pima: picha ya foleni ndefu yamsaidia dereva. Picha ya uso wa dereva mmoja anayepelekwa hospitali, na jina lake, na nambari ya gari lake, yamsaidia nani? Akirudi kijijini kwake amepona, uso wake umekwisha kutangulia, na watu wamekwisha kumkimbia. Picha zote mbili ni za kweli, lakini ya kwanza ni khabari na ya pili ni madhara.

VII. MIZANI YA KUPIMIA

Kutokana na visa hivi twaweza kupata mizani ambayo mtu aishike kabla ya kuipeleka picha kwa watu:

1. Je, ni kweli? Imepigwa wapi, lini, na nani? Picha ya ajali ya nchi nyingine ya miaka iliyopita huletwa ikaambiwa ni ya jana Bumala. Mwenye kuijua Suratul Hujurat hahitaji kukumbushwa wajibu wa kuhakikisha khabari. Na aliyeipeleka bila ya kuihakikisha asijitetee kwamba yeye ameipokea tu.

2. Je, ina manufaa kwa watu wote, au yashibisha macho tu? Picha ya lori lililopinduka, na moshi, na umati wenye madumu yafundisha khatari. Picha ya mwili ulioungua haiongezi funzo lolote.

3. Aibu yamwangukia nani? Ikimwangukia mwenye kudhulumu, usiogope. Ikimwangukia aliyedhulumiwa, simama.

4. Je, mwenye kuonekana ameridhia, ama angeridhia lau angeweza kusema? Na akiwa ni mtoto, mzazi wake ameulizwa?

5. Je, jamaa zake wamekwisha kupata khabari kwa njia ya heshima? Mama asijue mauti ya mwanawe kutoka katika simu ya jirani.

6. Lau angalikuwa ndugu yako, ungaliipeleka? Na lau hapana, mwana wa mwenzako ana kosa gani?

VIII. KUJIBU SHAKA

Yuko atakayesema: Mizani hizi zitawapa wadhalimu mahali pa kujificha. Akifanya askari ubaya, ama mkubwa akila mali ya watu, atasema, "Nisitirini, msinivunjie heshima." Shaka hii ni ya haki, na jawabu yake ni kwamba sitara ni haki ya mtu katika mambo ya nafsi yake na katika msiba wake. Haiwi haki ya mwenye madaraka katika kazi aliyoaminiwa na watu. Mtu akipokea rushwa juu ya meza ya serikali, hapo si chumbani kwake. Jamaa za mchuuzi yule wa Nairobi walihitaji watu waone mkono wa aliyepiga risasi. Lakini kuurudia uso wa marehemu mara mia, baada ya ushahidi kupatikana, hakukuongeza haki hata kidogo. Ukizipima picha hizo kwa mizani ya tatu, utaona jinsi zinavyotengana.

Na yuko atakayesema: Basi serikali na itunge sheria kali, ili wapiga picha wote wakome. Huyu naye amekosea. Sheria kali humshika kwanza yule aonyeshaye kweli isiyopendwa, na wauza aibu hupata njia ya kuponyoka. Uhuru huu ukiharibiwa na wajinga kisha ukachukuliwa na wenye nguvu, tutakaopata hasara ni sisi raia. Kwa hivyo mwenye kuipenda kamera yake na ajizuie mwenyewe, kabla hajazuiwa na asiyemtakia kheri.

MASUALI YA DARASA

Kila mmoja ayafikiri haya nyumbani, nasi tuyazungumze tutakapokutana:

Kwanza: Lori la petroli limepinduka karibu na Matayos, nawe una simu mkononi. Watu wanakimbilia na madumu. Utafanya nini kwanza, na utafanya nini cha pili?

Pili: Umepiga picha ya askari akimpiga mwanamke mchuuzi mpakani. Mwanamke huyo akuomba usiioneshe, kwa kukhofia kunyimwa njia kesho. Haki ya nani yatangulia, na je, iko njia ya kumwonesha askari bila ya kumfedhehesha wala kumhatarisha yule mwanamke?

Tatu: Mtu amekuletea picha ya maiti katika kundi la simu la jamaa. Kuifuta peke yako kwatosha, ama yakupasa kumwambia neno aliyeileta?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema kweli pale inapopasa kusemwa, na kusitiri pale inapopasa kusitiriwa.